Je, Ukate Bima ya Ng'ombe wa Maziwa? Piga Hesabu Kabla Hujalipa

Neema alikufa saa kumi alfajiri, siku ya pili baada ya kuzaa ndama wake wa nne. Jioni iliyotangulia nilimkuta amelalia kifua, shingo ameikunja kuelekea ubavuni, na nilipomshika masikio yalikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi. Leo nikishika masikio ya namna hiyo najua ni homa ya maziwa: kalisiamu imeshuka kwenye damu, na ng'ombe anahitaji dripu usiku huo huo, si kesho. Wakati ule nilidhani ni uchovu wa uzazi. Nikamfunika magunia mawili, nikaenda kulala.

Alikuwa ng'ombe wetu wa pekee. Huku Nyandarua maziwa ndiyo mshahara wa watu wengi, nasi karo ya watoto wawili ilitoka kwenye kiwele chake. Mkopo wa sacco tuliomnunulia ulikuwa umebakisha miezi saba. Tangu mwaka huo nimekata bima ya mifugo, nikaiacha, nikairudia, na mara moja nilinyimwa fidia kwa kosa la nyumbani kwetu wenyewe. Kila wakala anapopita kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, majirani huniuliza swali lile lile: je, pesa hizi zina faida, au tunalisha kampuni tu? Jibu langu hubadilika kulingana na anayeuliza. Hivi ndivyo ninavyolifikia.

Hatua ya 1: Jua kitakachokatika nyumbani akifa

Usianze na ada. Wakala ataanza na ada kwa sababu ndiyo inayoonekana ndogo. Wewe anza na kifo.

Chukua karatasi uigawe pande mbili. Upande mmoja andika bei ya kununua ng'ombe wa kiwango kile kile leo, si bei uliyomnunua miaka mitatu iliyopita. Ongeza gari la kumleta. Ongeza mapato ya maziwa kwa muda utakaokaa bila ng'ombe, maana mtamba mzuri mwenye mimba hapatikani kwa siku moja; mimi nilitafuta karibu miezi minne. Ongeza salio la mkopo, kwa sababu sacco haifuti deni eti mnyama amekufa. Upande wa pili andika pesa unazoweza kupata ndani ya mwezi mmoja bila kuuza shamba, bila kumtoa mtoto shuleni, na bila kwenda kwa mkopeshaji wa riba ya kila wiki. Pengo lililo kati ya pande hizo mbili ndilo unalotaka kulikinga.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu mwenye ng'ombe wanane na pensheni. Akifa mmoja anaumia, lakini anauza madume mawili yaliyonona na maisha yanasonga. Chini ya bonde kuna mama mwenye ng'ombe mmoja tu, na mkopo wake unakatwa moja kwa moja kwenye malipo ya maziwa. Huyo mmoja akianguka, kipato na njia ya kulipa deni vinaanguka pamoja. Wawili hawa wanaweza kufuga ng'ombe wa aina moja, wenye bei moja, wanaokula nepia ya shamba moja. Mwalimu nilimwambia aache bima. Mama nilimwambia akate, hata kama mwezi huo angepunguza sukari.

Kama ng'ombe wako ana mkopo, huenda huna hiari. Wakopeshaji wengi hudai bima kabla ya kutoa pesa, na ada hukatwa humo humo. Hapo uliza fidia italipwa nani kwanza. Kwa kawaida mkopeshaji huandikwa kuwa mpokeaji wa kwanza: anachukua salio lake, wewe unapewa kinachobaki. Ni haki yake, ila ukijua mapema hutashtuka ukiona hundi ya fidia haitoshi hata kununua ndama.

Hatua ya 2: Hakikisha ni bima unayoifikiria

Neno "bima ya mifugo" hapa Kenya hubeba vitu viwili tofauti kabisa, na nimeona watu wakivichanganya hata kwenye mikutano ya ushirika.

Ya kwanza ni bima ya ukame kwa wafugaji wa kuhamahama. Ilianza Marsabit mwezi Januari 2010, ikiongozwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao Nairobi. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake wa aina hiyo, ikianzia Turkana na Wajir. Bima hiyo haimtazami mnyama wako hata kidogo. Setilaiti hupima ukijani wa malisho katika eneo zima, na malisho yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kila mwenye bima katika eneo hilo hulipwa, awe amefiwa au hajafiwa. Uzuri wake ni kwamba hakuna daktari wa kusubiriwa wala mzoga wa kupigwa picha, na pesa zinaweza kufika mnyama akiwa bado hai, zikanunua majani na maji. Ubaya ni kwamba wako wanaweza kufa kwa ugonjwa wakati setilaiti inaona eneo limejaa kijani, nawe usipate shilingi.

Ya pili ndiyo ya kwetu sisi wa zizini: bima ya mnyama mmoja mmoja, mwenye namba yake, picha yake na bei yake. Akifa kwa sababu iliyotajwa kwenye hati, unalipwa. Yote yanayofuata ni juu ya hii.

Hatua ya 3: Soma kisicholipwa kabla ya kinacholipwa

Omba hati kamili ya bima, si kipeperushi chenye picha ya ng'ombe ananawiri. Kipeperushi hakimfungi mtu. Nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Ikiwa lugha ni ya Kiingereza kigumu, mpe kijana wako wa sekondari akusomee kwa sauti, na kila sentensi usiyoielewa ipigie mstari umuulize wakala.

Msingi wa bima nyingi za ng'ombe wa maziwa ni kifo: cha ugonjwa, cha ajali, cha radi au moto, cha wakati wa kuzaa, pamoja na kuchinjwa kwa dharura daktari akiona hakuna tumaini. Haya chini ndiyo ninayoyauliza mimi, na majibu hutofautiana sana kati ya kampuni na kampuni.

Je, matibabu yanalipwa? Mara nyingi hapana. Watu wengi hukata bima wakidhani daktari atakuwa wa bure, kisha ng'ombe akipata ugonjwa wa kiwele wanashangaa kuambiwa wajilipie. Chuchu ikifa kwa ugonjwa huo, maziwa yakapungua robo, ng'ombe bado yu hai, na kwa kampuni mnyama aliye hai hana dai, labda uwe umelipia nyongeza ya kupoteza uwezo wa kuzalisha. Utasa ni vivyo hivyo.

Je, wizi umo? Ukiwamo, wanataka zizi lenye kufuli, mlinzi, au taarifa ya polisi ndani ya muda gani?

Magonjwa ya mlipuko je? Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia bondeni, watakulipa, au watasema hukuchanja? Na serikali ikiamuru mnyama auawe kuzuia ugonjwa, hilo limo?

Ng'ombe akichinjwa kwa dharura nyama ikauzwa, pesa ya nyama inatolewa kwenye fidia? Karibu wote huitoa, na sioni kosa hapo.

Bima inaanza lini? Haianzi mpaka ada ilipwe, na hata ukilipa, kwa magonjwa huwa kuna siku za kungoja, mara nyingi wiki mbili hivi. Ng'ombe aliyeanza kukohoa ukakimbilia kumkatia bima hatakusaidia, na ukificha ugonjwa huo umejinyima fidia mwenyewe.

Mwisho ni umri. Ndama mchanga sana hakubaliki, na ng'ombe mzee hakubaliki pia. Uliza kikomo ni miaka mingapi, kwa sababu wengi wetu hatujui tarehe ya kuzaliwa ya ng'ombe tuliyemnunua sokoni, na daktari atafungua mdomo wake aangalie meno.

Hatua ya 4: Piga hesabu yenyewe

Mimi nimekuwa nikitajiwa ada ya kati ya asilimia 3 na 5 ya thamani ya ng'ombe kwa mwaka. Tuchukue mfano wa asilimia 4 na ng'ombe wa Sh150,000. Ada ni Sh6,000. Juu yake kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 ya ada, mchango wa asilimia 0.25 wa hazina inayofidia wenye bima kampuni ikifilisika, na ushuru wa stempu wa Sh40. Jumla yake ni Sh6,067. Tozo hizi ni ndogo, lakini ukiona wakala ameongeza mamia kwa jina la "gharama za serikali", sasa unajua kiasi halali.

Uliza pia sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe. Tuseme ni asilimia 10. Basi ng'ombe akifa hupokei 150,000, unapokea 135,000.

Sasa gawanya: 6,067 kwa 135,000. Unapata kama asilimia 4.5, yaani ng'ombe mmoja kati ya 22. Kwa lugha ya zizini: ikiwa kati ya ng'ombe 22 wanaofugwa kama wako hufa mmoja kila mwaka, unacholipa na hatari unayoikinga viko sawa. Wakifa zaidi ya hapo, bima ni rahisi kwako. Wakifa wachache, unalipa zaidi ya hatari yako.

Utajuaje wanakufa wangapi? Usiulize kampuni. Keti na karani wa kituo cha maziwa, maana yeye huona jina la mtu likinyamaza kwenye daftari. Muulize daktari wa mifugo wa kata yenu. Kisha hesabu mwenyewe ng'ombe wa majirani unaowajua vizuri. Ukihesabu 44 na waliokufa mwaka uliopita ni wawili, umefika kwenye mstari ule ule wa mmoja kati ya 22. Hesabu waliokufa, si waliouzwa kwa mchinjaji kwa sababu ya kukosa mimba. Hao bima haiwahusu.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa sababu mke wangu alikielewa mara moja, akaacha kuniita mpotezaji pesa. Geuza ada kuwa maziwa. Kwa Sh50 lita, Sh6,067 ni lita 121 na ushee. Ng'ombe wa lita 12 kwa siku hutoa hizo kwa siku kumi. Kwa hiyo swali linakuwa: je, niko tayari kutoa maziwa ya siku kumi kila mwaka ili akifa nisirudi sifuri? Kumbuka ni maziwa kabla hujatoa gharama ya chakula. Kama dairy meal imekula nusu ya pesa, basi ni faida ya siku ishirini, na hapo wengine watakataa, nami siwalaumu.

Niseme wazi jambo moja. Kampuni ina wafanyakazi, mawakala na kodi ya nyumba ya kulipa, kwa hiyo ada imepangwa iizidi hatari. Ukiangalia miaka ishirini ya wafugaji wote pamoja, watakuwa wamelipa zaidi ya walichopokea. Ndiyo maana anayekata bima akitarajia faida huvunjika moyo mwaka wa tatu, ng'ombe akiwa mzima. Unachonunua ni kutofika kwenye usiku kama ule wa Neema ukiwa huna pa kushika.

Thamani uandike ya kweli. Ukiandika Sh250,000 kwa ng'ombe wa Sh150,000, utalipa ada ya juu, lakini kampuni nyingi hulipa bei ya soko ya siku ya kifo. Ukiandika Sh80,000 ili ada ishuke, nyingine hupunguza fidia kwa uwiano ule ule. Uliza kama hati inalipa thamani mliyokubaliana mwanzoni au bei ya soko. Hilo peke yake limewahi kuwagombanisha watu wengi na kampuni zao.

Hatua ya 5: Linganisha na mfuko wako mwenyewe

Wengine husema, "Afadhali niweke hizo elfu sita benki." Ni wazo zuri kwa mtu fulani, na baya kwa mwingine, na kinachotofautisha ni idadi ya ng'ombe.

Mwenye ng'ombe mmoja akiweka Sh6,000 kila mwaka atafikisha Sh150,000 baada ya miaka 25. Ng'ombe hatangoja hivyo. Mwenye ng'ombe kumi akiweka Sh6,000 kwa kila mmoja ana Sh60,000 kwa mwaka, na ndani ya miaka miwili na nusu mfuko wake unanunua ng'ombe mzima. Huyo amejiwekea bima, pesa ni zake, na isipotumika anajengea zizi. Kuanzia ng'ombe sita au saba hivi, mimi humshauri mtu akatie bima wawili walio bora kabisa, au wale wenye mkopo tu, wengine awabebe kwa mfuko.

Kati ya hapo kuna njia ya chama. Familia kumi zenye ng'ombe mmoja mmoja, kila moja ikitoa Sh500 kwa mwezi, zinapata Sh60,000 kwa mwaka. Nimeona vyama vya namna hii vikiwainua watu kwa heshima, bila fomu, bila kubishana. Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: wote mnaishi bonde moja. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, au miguu na midomo ikiingia, haimgongi mmoja. Wakifa watatu mwezi mmoja mfuko unaisha, na wa tatu anabaki akiwatazama wawili wa kwanza kwa uchungu. Kampuni ina wafugaji Meru, Bomet, Kiambu na kwingineko, kwa hiyo janga la bonde moja haliimalizi. Chama kikiwa na akili, kinaweza kwenda kwa kampuni kikiwa kundi na kuomba ada ya kundi. Wengi wao hushusha bei.

Kabla ya yote haya, jiulize kama umemaliza kazi ya kinga. Kwa wengi ninaowashauri, shilingi ya kwanza haistahili kwenda kwenye bima. Iende kwenye dawa ya kupe kila wiki, chanjo ya miguu na midomo kila miezi sita, Blanthrax kila mwaka kwa kimeta na chambavu, na chanjo ya mapele ngozi. Nyingi kati ya hizi hutengenezwa hapa hapa na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya kutengeneza chanjo za mifugo. Chanjo ya ndigana kali huchomwa mara moja pamoja na oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki, na kinga yake hudumu maisha yote ya ng'ombe. Kisha weka chupa mbili za kalisiamu ndani ya nyumba, na namba ya daktari anayepokea simu usiku, kabla ng'ombe wa uzao wa tatu au wa nne hajazaa. Neema asingehitaji bima kama ningekuwa na vitu hivyo viwili.

Wala usidhani bima inachukua nafasi ya chanjo. Kampuni itaitaka kadi ya chanjo siku ya kukata bima, na itaitaka tena siku ya dai.

Hatua ya 6: Mjue anayekuuzia

Hapa ni haraka. Kampuni, mawakala na madalali wa bima Kenya husajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Uliza leseni, kisha uithibitishe. Daktari anayempima ng'ombe wako na kumthamini naye awe amesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo, KVB, kwa sababu ripoti ya mtu asiyesajiliwa inaweza kukataliwa wakati wa dai. Ada ilipe kwa paybill ya kampuni au kupitia ushirika wako, kamwe usitume kwenye simu ya wakala binafsi hata kama mnaenda kanisa moja. Usitoke bila risiti, na ndani ya wiki chache uwe na hati yenye namba ya hereni ya sikioni ya ng'ombe wako, iliyoandikwa sawasawa, tarakimu kwa tarakimu.

Hatua ya 7: Lea dai lako tangu siku ya kwanza

Watu hufikiria dai huanza ng'ombe akifa. Huanza siku anapovalishwa hereni sikioni.

Hiyo hereni ndiyo kitambulisho chake. Bila hiyo, kwa kampuni, aliyekufa ni ng'ombe yeyote wa Nyandarua. Hudondoka: kwenye waya, kwenye ubao wa hori, wakati wa kumkata pembe. Yetu niliwahi kuiokota ndani ya nepia iliyokatwakatwa, imetafunwa upande mmoja, namba mbili za mwisho zimefutika. Nilipiga simu siku hiyo hiyo, nikatuma picha, nikaletewa nyingine. Ningeingoja mwisho wa mwezi, na ng'ombe akafa katikati, ningekuwa sina la kusema. Kila mwisho wa wiki mtazame masikio kama unavyomtazama kiwele.

Uwe na daftari. Tarehe ya kunyunyiza, jina la dawa, tarehe ya chanjo, jina la daktari, tarehe ya kupandisha, tarehe ya kuzaa. Daftari langu lina alama za mikono yenye maziwa na kurasa mbili zilizoliwa na panya, lakini lilinisaidia. Mpige ng'ombe picha kila baada ya miezi michache, pande zote mbili, sikio likionekana.

Akiugua, mwite daktari mapema na utunze risiti. Kampuni zina haki ya kuuliza kama ulijaribu kumwokoa. Ng'ombe aliyeugua siku nne bila kuitiwa mtu ni dai lililokufa kabla yake.

Akifa, piga simu kwa kampuni siku hiyo hiyo. Hati nyingi hutoa saa 24 au 48. Andika jina la aliyepokea na saa uliyopiga, kisha tuma ujumbe wa maandishi pia, maana simu haiachi ushahidi. Piga picha mzoga ulipoangukia, karibu na mbali, hereni ikisomeka. Usiuzike, usiuuze, usimpe mtu wa mbwa, mpaka daktari aje au kampuni ikupe ruhusa kwa maandishi.

Hapa ndipo tulipoteleza. Ng'ombe wangu wa tatu alikufa kwa kuvimba tumbo nikiwa safarini. Nilipiga simu kwa kampuni nikiwa kwenye matatu, nikaambiwa daktari atakuja kesho yake. Baba mkwe, kwa nia njema kabisa, akaona watoto wanalia kando ya mzoga, akaita vijana, wakachimba, wakazika kabla ya magharibi, hereni na yote. Kesho yake daktari alikuta udongo mbichi. Tuliambiwa hakuna ushahidi, na hati ilisema hivyo waziwazi. Sikuwa na pa kulalamikia. Tangu hapo namba ya kampuni na sentensi moja, "USIZIKE, USICHINJE, PIGA SIMU", zimebandikwa kwenye mlango wa stoo, na kila mtu wa nyumba hii, hadi mtoto wa darasa la nne, anajua maana yake.

Lakini kuna kifo kimoja ambacho lazima ukitambue kabla ya kisu chochote kusogea. Ng'ombe akifa ghafla, akavimba haraka, mwili usikakamae kama kawaida, na damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani, mdomoni au nyuma, hicho huenda ni kimeta. Mzoga huo usipasuliwe hata kama fomu ya dai inataka uchunguzi wa ndani. Ukiufungua unaachilia mbegu za ugonjwa zinazoishi kwenye udongo miongo mingi, na binadamu hufa kwa kimeta. Mwambie daktari kwa simu umeona nini. Yeye atachukua damu kidogo, mara nyingi kwenye mshipa wa sikio, na kipimo hicho kinaweza kuwa ushahidi wako. Kimeta ni ugonjwa wa kutolewa taarifa kwa sheria, na mzoga huchomwa au huzikwa kwenda chini sana. Usiile nyama hiyo, usiichune ngozi, usiwaruhusu mbwa kusogea. Hakuna fidia ya Sh135,000 inayolingana na mtoto aliyeshika damu hiyo.

Baada ya hapo ni makaratasi: fomu ya dai, ripoti ya daktari, hereni yenyewe ikiwa kampuni inaitaka, kadi ya chanjo, nakala ya kitambulisho. Peleka vyote kwa pamoja na uombe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukizungushwa kwa miezi, andika malalamiko kwa IRA. Wana idara ya kushughulikia hilo, na hulipi kitu.

Kila mwaka, rudia karatasi ya kwanza

Bima ni ya mwaka mmoja. Mwezi mmoja kabla haijaisha, toa ile karatasi ya pande mbili uiandike upya. Mkopo umekwisha? Pengo limepungua. Mtamba wa nyumbani amezaa na sasa una wawili? Limepungua tena. Ng'ombe amefika uzao wa sita, thamani yake imeshuka na kampuni inakaribia kumkataa kwa umri? Hapo mimi simkatii tena. Natazama soko la Krismasi, wakati bei ya nyama iko juu, namuuza akiwa bado anasimama vizuri, na ada ya mwaka ule nampelekea mtamba wake, hereni mpya ikiwa bado inameta sikioni.